Mtaalamu wa Mafuriko kutoka Silanga

Mpaka Oktoba ya mwaka 2007 Musembi alikuwa fundi wa vitanda, na vitanda vyake havikulia hata ulalie ubavu gani. Kisha akapanda ndege kwenda Dhaka, akakaa siku tisa, akarudi mtaalamu. Kazi ya vitanda hakuiacha, maana utaalamu wenyewe haukuja na mshahara. Lakini tangu siku hiyo mteja aliyefika Silanga kuulizia kitanda cha futi nne kwa sita alilazimika kwanza kupitishwa kwenye mito ya Bangladesh, kupanda kwa bahari, na hasara na uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya tabianchi. Mama mmoja aliyasikiliza yote kwa heshima, akauliza kama kitanda kinauzwa bila mafunzo, akaenda zake.

Watu wa mtaa walimpa jina la Bangla. Yeye alidhani ni sifa.

Safari yenyewe ilikuja hivi. Silanga ni upande ule wa Kibera unaopakana na bwawa la Nairobi, na mvua zilipoacha kufuata kalenda, bwawa nalo likaacha kufuata mipaka. Mboga za sukuma wiki za pale kando zilikuwa zikilala chini ya maji, magodoro yakianikwa juu ya mabati. Shirika moja la wageni likasikia, likasema linataka mtu mmoja wa Silanga akakae na watu wa nchi nyingine wanaosumbuliwa na maji, wapeane maarifa: nyinyi mnafanyaje, sisi tunafanyaje, nani amepoteza nini. Kikundi cha wakulima kikamchagua Musembi. Alikuwa katibu, alikuwa na pasipoti aliyoichukua mwaka aliodanganywa kuhusu kazi ya Dubai, na alikuwa na tai.

Kama haki ingefuatwa, wa kwenda alikuwa Nabwire.

Nabwire aliuza mboga, na nyumba yake ilikuwa ya kwanza kutoka bwawani. Maji yakija yalianza kwake. Tangu mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba alikuwa amesimika mti ukingoni na kuufunga vitambaa vitatu. Maji yakigusa kitambaa cha chini, ondoa unga sakafuni. Yakifika cha kati, pandisha godoro. Yakifika cha juu, Nabwire anagonga mlango wa nyumba ya pili, wa pili anagonga wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu, nyumba kumi na nne. Mchango wa Musembi katika elimu hii ulikuwa kupiga randa. Aliung'oa mti wa Nabwire kwa sababu ulipinda, akaweka mwingine ulionyooka, akaupaka kijani, njano na nyekundu, rangi zilizobaki alipomaliza kitanda cha mtoto wa mteja.

Huko Dhaka, mbele ya watu wenye kompyuta za kukunja, akauita Mti wa Musembi.

Habari ya kugonga milango aliiacha. Aliona haya. Wenzake walikuwa wakionyesha ramani zilizopigwa kutoka angani. Yeye asimame aseme kwamba kwao mtu hupiga bati la jirani na kelele juu? Kwa hiyo mama mmoja aitwaye Momena, kiongozi wa kikundi cha wanawake wa kijiji cha kando ya mto, alipomuuliza kupitia kwa mkalimani, "Na mkishaona nyekundu, inakuwaje?" Musembi alikaza tai akajibu, "Jamii hupata taarifa." Mkalimani akatafsiri. Watu wakaandika. Maneno matatu tu, na hakuna aliyegundua kwamba ndani yake hamkuwa na kitu.

Momena naye alisimulia ya kwao, jinsi mto ulivyokata ukingo ukabeba kaburi la baba yake. Fomu za mkutano zilikuwa na mahali pa kujaza hasara za namna hiyo, zile zisizo na bei. Musembi aliyapenda sana maneno hayo. Alirudi nayo Nairobi akayatumia kila mahali, hata kwa mteja aliyelalamika kwamba kitanda kimechubuka njiani.

Kisha ukaja uchaguzi, na jinsi ulivyokwisha kwa watu kuchomeana nyumba kwa ukabila hakuna asiyejua. Jumapili ya tarehe thelathini Desemba, matokeo yalipotangazwa jioni, Kibera iliwaka na Musembi akala kona. Mkewe Mutheu alikuwa tayari Kawangware kwa binamu yake Kaloki, kwa hiyo huko ndiko alikofikia, jasho likimtiririka, mkono mmoja umeshika begi la mkutano na mwingine cheti cha Dhaka ndani ya fremu yake. Kioo hakikuwa na hata ufa.

Wiki tano baadaye walikuwa bado pale, watu wazima watatu katika chumba kimoja. Musembi aliisimulia safari yake ya kutoroka mara nyingi mpaka Kaloki akawa anammalizia sentensi. Sehemu aliyoipenda zaidi ni ile ya kusema hapakuwa na muda hata wa kuvuta pumzi.

"Hapakuwa na muda," Mutheu alisema siku moja huku akichambua maharagwe, "lakini fremu ulipata nafasi ya kuitoa kwenye msumari."

"Ilikuwa njiani."

"Msumari uko juu ya kabati, Baba Kamene."

Musembi akajifanya anasikiliza redio ya jirani.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkera. Mzee Kagiri, fundi cherehani, jirani yake wa nyumba ya tatu kule Silanga, yule ambaye sikio lake la kushoto halikusikia kitu, naye alikuwa amekimbilia upande huu. Alikuwa amepata kichumba Riruta Satellite, mwendo mfupi tu kutoka kwa Kaloki. Mara ya kwanza walipokutana barabarani, Musembi alimpungia mikono yote miwili kwa furaha. Kagiri alimtazama kama mtu anayetazama kitambaa kilichokatwa vibaya, akapita. Musembi akaamua kwamba ni wivu wa Dhaka. Baadaye akaamua labda ni siasa, maana siku hizo Mkamba wa Kitui kama yeye alinuniwa na pande zote mbili. Sababu nyingine hakuitafuta.

Jumanne ya kwanza ya Februari alikwenda saiba, duka la intaneti, kuangalia kama kuna mkutano mwingine mahali. Mkutano haukuwapo. Kulikuwa na barua kutoka kwa Momena, iliyoandikwa kwa Kiingereza na yule mkalimani.

Momena alianza kwa kusema wamesikia habari za Kenya na wanawaombea. Kisha akaendelea: "Tumesimika Mti wa Musembi katika vijiji sita, tukijiandaa kwa mvua zetu. Juzi tulifanya mazoezi. Tulisema, haya, maji yamefika nyekundu. Mama aliyepewa kazi ya kuuangalia mti alikuwa amekwenda sokoni, na nyumba thelathini hazikujua lolote. Wewe ulituambia jamii hupata taarifa. Tueleze tafadhali huzipataje, na kama mtu mmoja hayupo au ameshindwa, nyinyi hufanyaje. Ijumaa tunapeleka kijitabu kwa mpiga chapa. Picha yako iko ukurasa wa kwanza. Watu wa vijiji hivi watalala wakiutegemea mti huo."

Ni kweli, na leo Musembi mwenyewe hukiri bila kubanwa, kwamba jambo la kwanza aliloliona katika barua ile ni picha yake. Alijiuliza ni ipi, ile ya tai au ile ya uwanja wa ndege. Akairudia barua kutoka juu, na safari hii akasimama penye zile nyumba thelathini.

Akaandika: "Jamii hupata taarifa kwa njia shirikishi." Akaitazama sentensi hiyo. Akawaona wale akina mama wa mtoni wakiusubiri mti uwaamshe, na mti umesimama tu umepakwa rangi. Akaifuta. Akaandika nyingine yenye neno "mfumo" ndani yake, nayo akaifuta. Kwa mara ya kwanza tangu arudi Dhaka aliona aibu na hakuna mtu aliyekuwa akimtazama.

"Si umwambie tu hujui?" Mutheu akasema alipoelezwa.

"Mtaalamu hawezi kusema hajui."

"Basi watazama na mtaalamu wao."

Musembi akakaa kitandani, kitanda cha Kaloki alichokuwa amekiimarisha mwenyewe wiki ya kwanza. "Anayejua ni Mama Nabwire. Na simu yake imezimwa tangu mwaka mpya."

"Na miguu yako, nayo imezimwa?"

Jumatano asubuhi akaondoka kwa miguu. Kitambulisho alikiacha nyumbani, maana jina la mtu lilitosha kumfanya apigwe. Begani alibeba mguu wa kitanda, ili aonekane fundi anayekwenda kazini, na njia nzima ya Ngong Road alikuwa akijizoeza kusalimu "mulembe" kwa sauti ya Mluhya aliyekomaa. Aliogopa. Aliogopa sana, na hofu hiyo ilimfanya azidi kusema "mulembe" hata kwa watu ambao hawakumsalimu.

Penye njia ya kuingilia Kibera vijana walikuwa wamepanga mawe barabarani.

"Niaje buda. Kipande," mmoja akasema, akinyoosha mkono apewe kitambulisho.

"Mulembe," Musembi akasema.

"Mulembe nini? Wee, si huyu ni Bangla!"

"Bangla gani?"

"Ule msee wa mafuriko! Ule alienda na ndege akarudi na tai!"

Wakamzunguka, wakacheka mpaka mmoja akakaa juu ya jiwe. Musembi, aliyekuwa ametayarisha majibu ya kila namna, hakuwa ametayarisha la kusema iwapo watamjua. Akasema kweli: anakwenda kumwona Mama Nabwire kwa ajili ya mti.

"Sasa buda, hebu tuambie," akasema yule mrefu kuliko wote. Alikuwa bado anacheka, lakini alinyoosha kidole kuelekea kwenye mabati yaliyoungua. "Hii yote nayo ni hasara gani? Iko na bei ama haina?"

Miezi michache nyuma Musembi angeomba kiti. Sasa aliuhamishia ule mguu wa kitanda bega la pili.

"Enda. Lakini jua likianza kuteremka usipatikane huku. Watu wa kwenu saa hii hawapendwi, na si wote wanakujua vile sisi tunakujua."

Silanga ilimpokea vibaya. Mahali pa karakana yake palikuwa na majivu na kopo la vanishi lililopasuka. Nyumba yake ilikuwa imesimama, ila mlango haukuwapo, na ulikuwa mlango alioutengeneza yeye mwenyewe, wa mvule, wenye kufuli mbili. Nyumba iliyofuata, ya Kagiri, haikuwapo kabisa. Musembi alisimama mbele ya kiwanja hicho cheusi, kisha akageuza uso haraka.

Nabwire alikuwa kwenye kibanda chake, akikata sukuma kana kwamba nchi nzima ina njaa ya sukuma.

"Baba Kamene! Kumbe uko hai."

"Niko, Mama Nabwire. Habari ya hapa?"

"Si unaiona." Akamsogezea kreti akae. "Umekuja kuchukua nini? Vyako vilishaenda."

"Nafanya utafiti kidogo."

Nabwire akasimamisha kisu. "Utafiti. Na mtaa hauna hata unga."

Musembi akatoa ile barua aliyoichapisha saiba, akaanza kumsomea, akiitafsiri kadiri alivyoweza. Alipofika penye jina la mti alikohoa, akajaribu kupita.

"Mti wa nani?"

"Wa Musembi."

Nabwire alichukua kitita kingine cha sukuma, akakikunja, akaanza kukikata kwa wembamba uleule. "Soma," akasema.

Akasoma mpaka mwisho. Hakuthubutu kuinua macho.

"Kwa hiyo uliwaambia mti ndio huamsha watu?"

"Niliwaambia jamii hupata taarifa."

"Jamii ina mkono wa kugonga?" Nabwire akauliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Musembi. Alikuwa anataka kujua kweli. "Wale mama wako na watoto, Baba Kamene. Wanalala. Sasa uliwapa mti tupu?"

"Ndiyo maana nimekuja."

"Haya, andika." Akafuta mikono kwenye leso. "Ukigonga, mwenyewe anajibu 'Nimesikia.' Si hivyo?"

"Ndivyo."

"Hapo watu hudhani imeisha. Haijaisha. Unasimama palepale mlangoni kwake mpaka usikie yeye akigonga mlango unaofuata. Usiposikia, unamruka. Unaenda kugonga wewe. Pengine ameanguka, pengine amelewa, pengine alijibu akiwa kwa ndoto. Huulizi, huendi kumsomea maadili. Unamruka, unagonga mbele, na unasimama tena hapo. Hakuna mtu anawekwa kuangalia peke yake. Kila mtu anasikiliza mwenye yuko mbele yake."

Musembi aliandika haraka, na licha ya yote moyo wake ulianza kuchangamka. Lilikuwa jibu zuri. Lingejaza ukurasa. "Hiyo ya kusimama na kusikiliza sikuwahi kuijua," akasema.

"Ungeijulia wapi? Mvua zote hizo wewe ulikuwa unagonga vizuri. Ulirukwa mara moja tu."

Kalamu ikasimama. "Lini?"

"Ile Jumapili."

Kando ya kibanda kuku walikuwa wakichakura majivu. Nabwire akaendelea kukata, na sauti yake haikupanda.

"Niliona vijana wanashuka kutoka juu na petroli, wanauliza majina ya wenye nyumba. Nikasema haya si maji, lakini kazi ni ileile. Nikaja kwako nikagonga. Ulijibu nini?"

"Nimesikia," Musembi akasema polepole.

"Ulijibu vizuri. Mimi nikasimama. Kwa Kagiri, kimya. Nikasema labda unavaa viatu. Nikangoja tena, Baba Kamene, kwa sababu ni wewe. Mwingine singemngoja hivyo. Kisha nikaona mgongo wako unaingia kichochoroni, na kitu kinang'aa kwa mkono. Kilikuwa nini?"

"Cheti."

Nabwire akaweka kisu chini. Akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha mama wa sokoni, mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya leso. Musembi naye akacheka, maana jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha, mtu mzima na ndevu zake akitoroka vita na cheti cha semina. Alicheka mpaka akagundua kwamba yuko peke yake.

"Nikaenda mwenyewe," Nabwire akasema. "Mzee wa watu alikuwa amejinyoosha kitandani, amelalia lile sikio zima. Nikapiga bati mpaka mkono ukafura. Kufungua, wale vijana wako hapa, wamebakiza nyumba tatu tu. Nikabeba kichwa cha cherehani, yeye akabeba makasi na pasi. Picha ya marehemu Wamucii ikabaki ukutani. Ile ya harusi. Hakuwa na nyingine ya mkewe, unajua watu wa zamani. Alitaka kurudi, nikamshika shati likararuka. Njia yote alikuwa anasema dakika tano. Angepata dakika tano tu, angeitoa."

Dakika tano hizo Musembi alizijua. Alizijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Alikuwa amezitumia kuvuta kiti, kupanda juu ya kiti, kukitoa cheti kwenye msumari juu ya kabati, na kukifuta vumbi. Alijiambia wakati ule kwamba Kagiri lazima amesikia, mtu gani asisikie kelele zile, na akajiambia hivyo kwa siku thelathini na nane bila kulitaja lile sikio. Hasara isiyo na bei. Jina lake alikuwa analijua kwa lugha mbili. Alikuwa amelifundisha mtaa mzima.

"Kagiri anajua?" akauliza.

"Aliniuliza kwa nini nimegonga mimi na si wewe. Singeweza kumdanganya mtu ambaye nyumba yake inaungua nyuma yake."

Musembi aliinamisha kichwa. Alitaka kusema pole, lakini pole kwa Nabwire ilikuwa ya kuipeleka mlango usio wake.

"Andika basi," Nabwire akasema. "Wale wenzetu wana mvua inakuja."

"Nitaandika mti ni wako."

"Jina andika lile unataka. Lakini rangi waambie watoe. Giza likiingia rangi haionekani. Kitambaa unakishika na mkono."

Musembi akatazama bwawani. Mti wake ulionyooka ulikuwa bado umesimama ukingoni, kijani, njano, nyekundu, na juu ya kila rangi palikuwa pamefungwa kitambaa kikuukuu. Kwa jinsi vilivyopauka, vilikuwa vimefungwa tangu wiki ileile alipoupaka, na yeye alikuwa amepita pale kila siku akiusifu.

Alitoka Kibera kabla jua halijateremka. Wale vijana walimuuliza kama amepata hasara yake, akasema amepata. Ule mguu wa kitanda alimwachia Nabwire, akautia kibandani mahali palipokuwa panalegea.

Alhamisi akakaa saiba asubuhi nzima. Alianza barua mara nne, na kila mara neno "mfumo" lilijipenyeza, akalitoa. Mwishowe akaandika kama anavyoongea.

"Mama Momena, mti si wangu. Ni wa Mama Nabwire, muuza mboga wa hapa Silanga, tangu miaka kumi iliyopita. Mimi nilipaka rangi tu, na rangi yenyewe ni kosa. Fungeni vitambaa, gizani utavishika kwa mkono. Nilisema jamii hupata taarifa. Haipati. Mtu hugonga mlango wa mtu." Akaeleza habari ya kujibu, ya kusimama, ya kusikiliza, ya kuruka. Kisha akaona kwamba maelezo yanahitaji mfano, maana Dhaka walipenda mifano, na mfano aliokuwa nao ni mmoja. "Tarehe 30 Desemba nyumba ya kwanza iligonga ya pili. Nyumba ya pili ikajibu 'Nimesikia,' kisha ikakimbia na cheti chake cha semina. Nyumba ya kwanza ikasikiliza, ikaona kimya, ikairuka, ikagonga ya tatu. Mtu wa nyumba ya tatu yuko hai. Hasara yake ni nyumba, na picha moja ya harusi. Nyumba ya pili ni mimi. Tafadhali toeni picha yangu ukurasa wa kwanza. Kama mpiga chapa amekwisha kuipanga na haitoki, iwekeni kwenye ukurasa wa anayerukwa."

Akaituma kabla hajaanza kuirembesha.

Kutoka hapo hakurudi nyumbani. Alipita Kawangware yote mpaka Satellite, akauliza, akaonyeshwa mlango wa bati uliofungwa, na ndani cherehani inakwenda kasi. Hotuba alikuwa nayo, aliitunga njiani, yenye sehemu ya hali ilivyokuwa ngumu siku ile na sehemu ya maumbile ya binadamu. Akagonga.

Cherehani ikaendelea.

Akagonga tena. Hakuna jibu. Na hapo, Musembi husema, ndipo alipojiona vizuri kuliko siku yoyote, kwa sababu wazo lililomjia lilikuwa la furaha: nimegonga, hakujibu, nimefanya langu, naweza kwenda. Hata mguu mmoja ulikuwa umekwisha kugeuka. Akaurudisha. Akalipiga bati kwa kiganja, mara ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka mwanamke wa chumba cha pili akatoa kichwa kuona nani anavunja nyumba ya watu.

Cherehani ikanyamaza.

"Nani?"

"Ni Musembi, mzee. Nyumba ya pili."

Kisha komeo likavutwa, na Kagiri akasimama mlangoni, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, sikio zima limemgeukia mgeni. Nyuma yake ukuta ulikuwa mtupu, na katikati ya ukuta alikuwa amepiga msumari usiobeba kitu.

"Umechelewa wiki tano," Kagiri akasema.

Musembi aliitafuta hotuba yake. Aliitafuta mwanzo, akaitafuta katikati. Macho yake yalikuwa kwenye ule msumari.

"Nilisikia, mzee," akasema. "Mama Nabwire alipogonga, nilisikia. Nikakimbia."

Alikuwa analia, na hakujua alianza saa ngapi. Uso wa Kagiri haukulainika. Kisha akasogea kando ya mlango kidogo, kiasi cha kupita mtu mmoja.

"Ingia," akasema. "Usinisimamie hapo kama ule mti wako."